Kiwavi wa Kwanza Kupanda

Sehemu ya Saba

“Geuza kamera, binti, tuione hiyo ofisi.”

Nyinyi mmelala na maneno hayo ya Bi Muhayyo wiki nzima. Hulkar alikaa nayo muda wa kumeza mate tu, na ulimtosha kuzeeka.

Kwa yule aliyefungia mbegu za alizeti gazeti la wiki iliyopita, si kosa, hata mimi hufungia. Habari yenyewe ni fupi. Hulkar ana diploma nyekundu, ile wanayopewa waliofaulu kuwapita wenzao, ya usanifu wa vitambaa. Kazi pekee ambayo diploma hiyo imewahi kuipata ni kuzuia dirisha lisigongegonge.

Jumamosi Shangazi Gavhar anarudi Urusi, kwenye kiwanda cha maandazi ya nyama yaliyogandishwa, na safari hii hatarudi peke yake. Kiti cha pembeni yake kwenye basi kimeandikwa jina la Hulkar. Kitu kimoja tu kinaweza kulifuta jina hilo: kazi ya kusanifu kurasa za duka la hariri la mtandaoni la Bi Muhayyo. Mwenye duka yuko Tashkent, na kazi inafanywa nyumbani, hapa hapa Margilan.

Usaili ulikuwa ukienda vizuri. Sherali, kijana wa utumishi aliyekaa kando ya Bi Muhayyo, alikuwa ameuliza udhaifu wake, naye akajibu kwamba anapenda kazi kupita kiasi, kama mtandao ulivyomfundisha. Sherali akauliza kama ana mpango wowote wa kusafiri. Hulkar akasema hana. Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, huku uani shangazi yake akikalia sanduku ili lifunge.

Swali hilo halikuulizwa kwa kujifurahisha. Wafanyakazi watatu wa mwisho wa Bi Muhayyo, wote wa kufanyia kazi nyumbani, walitoweka na kompyuta za kampuni. Mmoja alituma salamu kutoka Poland, na picha ya kompyuta.

Ndiyo maana mama huyu sasa hamwajiri mtu. Anaajiri chumba, na mtu anakuja nacho.

“Binti, umenisikia?”

Hulkar alikuwa amesikia. Tatizo lilikuwa chumba.

Upande unaoonekana kwenye kamera aliuokota mtandaoni, kipande kwa kipande. Mzee mmoja wa Brazili alimfundisha kutengeneza meza kwa mlango mbovu. Mlango akaupata, wa banda la kuku, akaulaza juu ya makreti mawili. Msichana wa Korea alimfundisha taa ya duara. Hulkar akachukua chekecheke la mama yake, akazungushia vitaa vya harusi, akaziba kwa karatasi ya kuokea, akaliegemeza juu ya kompyuta likamwangaza kama bibi harusi. Tangu siku hiyo Mama Salomat anachekecha unga kwa kitambaa cha kichwa.

Kisha kulikuwa na tovuti moja isiyo na kazi ila kutoa sauti za ofisi. Vidole vinagonga, simu inaita mbali, mtu anakohoa. Hulkar aliifungua kila asubuhi ili ajione ameajiriwa. Bibi yake, Bibi Oydin, alizisikiliza kwa siku kadhaa. Asubuhi moja akaingia na birika kubwa na vikombe vyote vya wageni, akauliza wenzake wako wapi wanywe chai, na huyo anayekohoa kwa nini nduguze hawampeleki hospitali.

Upande wa pili wa chumba haukutoka mtandaoni.

Ni Mei. Margilan ikifika Mei, hukai nyumbani kwako. Unakaa nyumbani kwa viwavi wa hariri. Wao wanachukua vyumba, sisi tunalala uani na kuku. Chumba cha Hulkar ndicho chenye joto zuri, na ndimo mtandao unamokamata. Viwavi wakapewa rafu kutoka sakafuni hadi darini, na majani yao ya mforosadi, na hewa yao. Hulkar akapewa dirisha. Katikati likawekwa pazia la atlasi, kitambaa chetu cha hariri.

Na nyuma ya pazia hilo, Bibi Oydin na sheria yake. Mgeni hawaangalii viwavi. Wiki hii ndiyo ya ulaji wao wa mwisho kabla ya kupanda vijitini na kusokota vifuko vyao vya hariri. Jicho la mgeni likiwagusa sasa, wanasusa chakula, wanalegea, na jasho la nyumba nzima linaishia kulishwa kuku.

“Nakusikia, Bi,” alisema Hulkar. “Nilikuwa natafuta pembe nzuri.”

Bi Muhayyo aliinamisha kichwa. Aliuliza kama kwao kunanyesha.

Hakukuwa na mvua. Ni viwavi waliokuwa wanakula. Wakila wote pamoja, sauti yao ni ile ya mvua ndogo juu ya bati, haina mwanzo wala mwisho. Sisi tuliozaliwa nayo hatuisikii tena, kama mtu asivyosikia koo lake mwenyewe. Hulkar hakuwa amefikiria kwamba wengine wana masikio.

“Ndiyo,” alisema. “Mvua kidogo.”

Sherali akaangalia simu yake. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba Margilan leo ni jua kali tangu asubuhi. Jua lenyewe lilikuwa limemlalia Hulkar begani.

“Mvua hiyo iko chumbani?” aliuliza Bi Muhayyo.

Hulkar alifanya kile ambacho kila mwongo mpya hufanya, akaongeza. Alisema ni tovuti ya sauti za mvua, inasaidia utulivu wa akili, watu wengi wanaitumia. Kwa mara ya kwanza Bi Muhayyo alionekana kupendezwa. Akasema basi aizime kidogo, wasikilizane.

Msomaji, wewe ungezimaje viwavi?

Hulkar alibonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine. Mvua ikaendelea. Akasema kompyuta imeganda. Bi Muhayyo akasema haijaganda, kwa maana yeye anamwona akitikisa mikono vizuri kabisa.

Hapo ndipo pazia lilipofunguka lenyewe.

Bibi Oydin alitoka na furushi la majani kwapani. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamke asiyemjua ndani ya chumba cha viwavi, naye si mtu wa kusikia jambo hilo mara mbili. Nyuma yake pazia lilibaki wazi. Rafu zote zikaonekana, juu mpaka chini, nyeupe, zikitambaa.

Hulkar akaruka kuziba kamera kwa mgongo wake. Alikuwa amechelewa.

“Nani yumo humo?” aliuliza Bibi, akichungulia pembeni ya kiuno cha mjukuu wake.

“Ni mwajiri, Bibi. Yuko Tashkent.”

“Tashkent gani, mbona ananitazama?”

Ikabidi Hulkar ajitoe. Wazee wawili, mmoja mzee zaidi ya mwingine, wakatazamana kupitia kioo. Na hapo Bi Muhayyo, mtu mzima, msomi, mwenye duka, akafanya kosa ambalo mtoto wa kwetu wa kuanza shule halifanyi. Macho yake yakapita juu ya bega la Bibi, yakapanda rafu moja baada ya nyingine, akasema kwa moyo wake wote:

“Jamani, walivyonona.”

Hakusema mashallah. Hakutema mate kando. Hakusema hata “maskini, wamekonda,” kama anavyosema mtu mwenye adabu akimwona kiwavi wa mwenzake. Alisifu, akanyamaza, akatabasamu.

Bibi Oydin aliweka majani chini taratibu. Akatoka.

“Nimemuudhi mama?” aliuliza Bi Muhayyo.

Hulkar alisema hapana, anafuata kitu jikoni. Alijua ni kitu gani. Alikuwa tayari anapima kwa macho urefu wa waya.

Kompyuta hiyo, lazima niseme, haina betri. Yaani inayo, lakini kwa ajili ya uzito. Ikichomolewa inakufa papo hapo. Na moshi hauruhusiwi kuingia kwa viwavi, maana unawaua haraka kuliko husuda. Kwa hiyo Bibi Oydin aliporudi na kikaango chake cheusi, isiriki, yale majani makavu ya kufukuzia kijicho, ikifuka ndani yake, hakuvuka kizingiti. Alisimama nje akamwambia mjukuu wake amlete huyo mwanamke mlangoni.

“Bibi, niko kwenye usaili.”

“Nami niko kwenye nini?”

Hulkar alimbeba Bi Muhayyo mikononi mpaka waya ulipokaza, akamshikilia kizingitini, uso ukielekea uani. Kwa upande wa Tashkent walionekana kuku, kamba ya nguo, Mama Salomat akikung’uta unga kutoka kwenye kitambaa cha kichwa, kisha kikaango. Bibi akakizungusha mbele ya kioo mara tatu, akinuia. Moshi ukafunika kila kitu.

Sherali alisikika akiuliza kama waite zimamoto, na kama kuna anayejua namba ya zimamoto ya Margilan.

Kisha ikasikika sauti nyingine. Bi Muhayyo alikuwa anakohoa.

Mimi siwaelezi. Kutoka kwetu hadi Tashkent kuna milima katikati, na moshi haujajifunza kupita kwenye waya. Nawaambia tu kilichotokea: alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Sherali akampa maji.

“Umempata,” alisema Bibi Oydin, akimwambia kikaango.

Akainama karibu na kioo, akamuuliza Bi Muhayyo jina la mama yake mzazi. Dua haiendi bila jina la mama. Na kwa sababu hakuna mtu wa kwetu, hata awe na jengo la vioo, anayeweza kumkatalia mzee swali kama hilo, Bi Muhayyo alijibu kwa sauti ndogo. Bibi akaomba kwa jina hilo, akapitisha viganja usoni. Tashkent nako, mwenye duka akapitisha viganja usoni. Sherali alichelewa kidogo, lakini naye akapitisha.

Hulkar akarudisha kompyuta mezani, chini ya chekecheke. Alikuwa na uhakika kwamba sasa kilichobaki ni kuagana. Kichwani tayari alikuwa anafunga maandazi.

Bi Muhayyo alijifuta macho. Alisema kwamba tangu Jumatatu amewasaili wasichana na wavulana wa kutosha. Wote walimwonyesha ukuta mweupe, na mbele ya ukuta mmea, na mmea ulikuwa ule ule. Alianza kudhani wanaazimana. Yeye anauza hariri tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kuisikia ikila.

“Kwa hiyo si mvua,” alisema.

“Si mvua, Bi. Nisamehe.”

“Uongo wako haufai. Usijaribu tena, huna kipaji.” Akageuka kumnong’oneza Sherali, Sherali akatikisa kichwa, akanong’onezwa tena, akakubali. “Haya. Kazi nakupa.”

Hulkar hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, yaani mlango wa kuku, akaushikilia.

“Ila kwa sharti,” alisema Bi Muhayyo.

Najua mlijua.

Sharti lilikuwa hili. Kamera igeuzwe rafuni, iachwe wazi kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, mpaka viwavi wamalize kusokota. Wateja wa duka, popote walipo duniani, waingie waangalie na wasikilize. Hakuna duka lingine lenye kitu kama hicho. Hulkar atasanifu ukurasa wake, jina aweke mwenyewe. Mkataba utatumwa leo jioni. Lakini kamera ikizimika tu, hata kwa bahati mbaya, Bi Muhayyo atajua kuna mtu anaondoka kama wale watatu, na atampigia simu yule wa pili, mwenye mmea.

Bibi Oydin alikuwa amesimama nyuma ya mjukuu wake muda wote.

“Hao wa kuangalia ni wangapi?” aliuliza.

Sherali alisema wafuasi wa duka ni kama elfu arobaini.

Bibi aliangalia kikaango chake. Kulikuwa kumebaki majivu na kijiti kimoja.

“Isiriki haitoshi,” alisema. “Funga hicho kitu.”

Hulkar hakufunga. Alimgeukia bibi yake, akamwambia, safari hii bila uongo, kwamba akifunga, Jumamosi anapanda basi. Atakaa kwenye chumba cha baridi mpaka kucha zigeuke bluu, kama za shangazi. Alisema amesoma ili aishi na hariri, si na maandazi.

“Na wakifa hawa,” alisema Bibi, akinyoosha kidole rafuni, “utasanifu nini? Picha ya rafu?”

“Hawatakufa kwa kuangaliwa, Bibi.”

“Kaka yangu alikufa kwa kuangaliwa.”

“Alianguka kutoka juu ya mforosadi.”

“Nani alikuwa anamwangalia?”

  Bibi Oydin akanyoosha mkono wake mwenyewe, akashika kifuniko cha kompyuta kwa juu, kama mtu anavyoshika sufuria. Hulkar akafumba macho.

Hakikusikika kitu.

Alipofumbua, mkono wa bibi yake ulikuwa umesimama hewani. Mzee alikuwa amesogeza uso karibu kabisa na ukingo wa kompyuta, pale unapokutana na chekecheke, na alikuwa hapumui.

Pale kulikuwa na kiwavi. Alitoka wapi, labda kwenye mkono wa nguo ya Hulkar, labda kwenye yale majani ya kwapani. Hakuwa mweupe tena kama wenzake. Alikuwa amekuwa na rangi ya asali, mwanga wa taa ukimpenya. Kichwa kilikuwa juu, kikienda huku na huku polepole, na kila kilipokwenda kiliacha uzi. Uzi mmoja ulikuwa tayari umeshika kifuniko. Mwingine umeshika chekecheke.

Wa kwanza kupanda kusokota mwaka huu, kabla ya wenzake wote, na mahali alipopachagua ni hapo.

Kwetu hili halijadiliwi. Kitu ambacho kiwavi ameanza kukisokotea hakisogezwi, hakitikiswi, hakifungwi, mpaka amalize. Kama ni kofia ya baba, baba anatembea kichwa wazi. Na sheria hii, kama ile nyingine, mlinzi wake mkuu mtaani ni Bibi Oydin.

Mzee alishusha mkono. Alikaa kwenye kreti lingine, pembeni ya Hulkar. Alikaa kama mtu aliyeshindwa kesi aliyoihukumu mwenyewe.

“Basi,” alisema. “Iache.”

“Kwa hiyo tumekubaliana?” aliuliza Bi Muhayyo, ambaye kwa upande wake hakuona kiwavi, aliona pua ya Bibi tu, kubwa sana.

“Tumekubaliana, Bi,” alisema Hulkar.  Akasema kamera itabaki wazi, anaapa, hakuna mkono wa mtu katika nyumba hii utakaoizima.

Alisema kweli. Haukuwa mkono wa mtu.

Kiwavi, baada ya kupima ukingo wote kwa kichwa chake, aliamua kwamba hapo alipo panateleza. Akasogea. Kuna kitundu kidogo juu ya kioo, katikati kabisa, chenye joto kidogo kuliko kwingine. Akakipenda. Akakilalia.

Bibi Oydin ndiye aliyeona kwanza.  Tangu hadithi hii ianze hatujamwona akitabasamu, na sasa tulimwona, meno yake yote ya dhahabu.

“Hulkar,” alisema Bi Muhayyo, “mbona giza? Hulkar, sikuoni.”

Hulkar alikuwa anamwona yeye vizuri sana. Alimwona akiegemea mbele, akigonga kioo chake kwa ukucha. Alimwona Sherali akichukua simu. Alinyoosha kidole kumwondoa kiwavi, na bibi yake akakishika kidole hicho kwa upole na kukirudisha mapajani.

“Bi, niko hapa. Ni kiwavi tu. Amekaa juu ya kamera. Amepanda.”

“Mtoe basi.”

“Hatolewi, Bi.”

“Mvua, kisha kompyuta imeganda, sasa kiwavi hatolewi,” alisema Bi Muhayyo, akihesabu kwa vidole. “Nilikwambia huna kipaji.”

Hulkar alikuwa anafungua mdomo aeleze desturi ambayo Tashkent wameisahau, wakati mlango uliposukumwa. Shangazi Gavhar aliingia na koti la baridi mkononi, na sauti yake ile ya kiwandani, iliyozoea kushindana na mashine.

“Mwanangu, acha hayo. Dereva amepiga simu, hatungoji tena Jumamosi. Basi linaondoka kesho alfajiri. Lete pasipoti yako niiweke pamoja na yangu.”

Viwavi waliendelea kula. Tashkent, Bi Muhayyo alirudi nyuma kwenye kiti chake polepole. Alikuwa haoni kitu. Lakini mtandao, siku hiyo, ulikuwa unakamata kuliko siku zote.

“Hulkar,” alisema kutoka kwenye kompyuta, bila kupandisha sauti. “Huyo ni nani, na kesho alfajiri mnakwenda wapi?”